Kazi ya Nyumbani Niliyopewa na Bibi

Katika kikao cha wazazi cha mwanzoni mwa mwaka, miaka michache iliyopita, nilisimama mbele ya akina mama, akina baba, wajomba na mabibi wa wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, nikazungumza kwa karibu nusu saa kuhusu wajibu wa familia katika masomo ya sayansi. Nilisema yale ambayo sisi walimu tumezoea kuyasema: mtoto apewe muda wa kujisomea, apunguziwe kazi, daftari lake likaguliwe kila jioni, na akiuliza swali ajibiwe. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi la nyuma, mlezi wa mjukuu ambaye mama yake yuko Dar es Salaam kikazi, alinyanyua mkono akasema, "Mwalimu, nimekuelewa. Ila mimi sikusoma, na hilo daftari limeandikwa Kiingereza. Sasa nikishalifungua, nitazame nini?"

Watu walicheka, naye mwenyewe akacheka, lakini alikuwa akisubiri jibu na mimi sikuwa nalo. Nilisema maneno kama "tutaangalia namna", kisha nikampisha mwenyekiti aendelee na ajenda ya michango ya chakula cha mchana, ambayo ndiyo iliyokuwa imewaleta wengi.

Ninafundisha Baiolojia na Kemia katika shule ya kata wilayani Newala, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo nami nilizaliwa na kulelewa. Huku kwetu, kwa desturi ya ukoo kufuata upande wa mama, kikao cha mzazi hakikamiliki bila mjomba, na mara nyingi anayejua mtoto amelala saa ngapi na amekula nini ni bibi. Kwa hiyo swali lile halikuwa la mtu mmoja. Nusu ya waliokuwa ukumbini wangeweza kuliuliza, na nadhani walinyamaza kwa adabu tu.

Wiki kadhaa baadaye mjukuu wake alikosa shule siku tatu, nikaamua kwenda kuuliza. Nilimkuta bibi amekaa kwenye mkeka uani, mbele yake makopa ya muhogo yaliyokauka na nyungo mbili. Nilipompa shikamoo aliniitikia marahaba, akaniambia nifukuze vifaranga nikae, kisha akaendelea na kazi yake. Alikuwa akichukua kipande cha muhogo mkavu, anakivunja, anamega ncha kwa meno ya mbele, anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali, halafu anatema na kukitupa kipande katika ungo wa kulia au wa kushoto. Nilimuuliza anachagua nini. Akaniambia kwamba ungo mmoja ni wa kusaga sasa na mwingine ni wa kurudiwa, kwa sababu ule wa kushoto bado ni mchungu. Kwamba muhogo wa shamba la mtoni hauna shida lakini huu wa kichangani una ukali. Na kwamba mwaka ambao jua limekuwa kali na mvua imekatika mapema, hata mbegu inayojulikana kuwa tamu hubadilika tabia.

Mjukuu alikuwa amekaa kando anamenya, kimya, anaonekana kuchoka. Nilimuuliza kama anajua bibi yake anazungumzia nini. Akasema, "Muhogo, mwalimu." Wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha vimeng'enya, yaani vile viini vya mwilini na katika mimea vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali, kwa Kiingereza, ubaoni, nikiwachorea mchoro wa kufuli na ufunguo, na alikuwa amepata alama nzuri katika jaribio. Haikumpitikia hata kidogo kwamba kile alichokichora kilikuwa kimetokea, au kimekwama njiani, ndani ya muhogo wa zile nyungo.

Nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililobadilisha namna ninavyozungumza na familia. Ndani ya muhogo mna kemikali iitwayo linamarini, ambayo hukaa katika sehemu yake ndani ya seli, na mna pia kimeng'enya kiitwacho linamarasi, ambacho hukaa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Muhogo ukiwa mzima havikutani. Ukikatwa, ukitwangwa au ukilowekwa hadi ukalainika, kuta zile hupasuka, viwili hivyo hukutana penye maji, na mwisho wa safari yao hutoka haidrojeni sianidi, ambayo ni sumu, lakini ni sumu yenye haraka ya kuondoka, kwa maana huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, joto ambalo kwetu ni la kawaida kabisa. Ukiipa nafasi na hewa, hupeperuka. Ndiyo maana bibi zetu hutwanga kisamvu kwenye kinu kabla hakijaingia chunguni, na ndiyo maana muhogo mchungu uliolowekwa siku tatu au zaidi huwa salama kuliko ule uliokatwa vipande vikubwa ukaanikwa juani. Makopa yaliyoanikwa tu hukauka kabla kazi haijakwisha: kimeng'enya kipo, linamarini ipo, ila maji ya kuvikutanisha hayapo. Na ukichukua unga wake ukaumimina moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, joto hukiua kimeng'enya, linamarini ikabaki ndani ya ugali.

Hapa ndipo masikitiko ya uwanda wetu yanapoingia. Kuloweka kunataka maji, na sisi hatuna maji. Mchanga mwekundu wa huku juu hunyonya mvua ikapotelea chini kabisa, na maji ya bomba hulazimika kusukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Mama anayelipia ndoo hawezi kuambiwa aloweke gunia la muhogo siku nne kisha amwage. Kwa hiyo familia nyingi huanika, husaga na kula, hasa miezi ya njaa ambapo mboga za protini pia zimeadimika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara uliripotiwa kuwa na wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla na kwa kudumu, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, na ambao hutokana na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, mlipuko wa mwaka 1981 ulikumba zaidi ya watu 1,000. Wamakua wa huku wana ndugu kule. Hizi si habari za watu wa mbali.

Kuna njia moja ambayo ningependa kila jiko la Mtwara na Lindi liijue, iliyobuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na ambayo haihitaji kifaa chochote cha maabara. Unga wa muhogo humiminwa kwenye beseni, ukasawazishwa, kisha alama ikawekwa ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Maji huongezwa kidogo kidogo huku unga ukikorogwa. Mwanzoni unga hushuka chini ya alama, halafu kadiri maji yanavyoongezeka hupanda tena, na unapoifikia alama unaacha kuongeza maji. Unga huo mbichi hutandazwa kwenye mkeka au turubai safi, unene usizidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha ukasongwa ugali siku hiyohiyo. Maji yanayotumika ni machache, na yote huingia katika chakula. Hakuna hata kikombe kinachomwagwa.

Nilimweleza bibi njia hii palepale uani. Hakunipinga, wala hakunikubali. Alimwambia mjukuu alete beseni. Alipoona unga umeshuka baada ya kutiwa maji, aliniangalia kama mtu aliyemkamata mwizi, akauliza, "Nimeongeza kitu, mbona kimepungua?" Nilitaka kujibu, lakini mjukuu akawahi. Alisema, taratibu, kwamba labda katikati ya chembe za unga mlikuwa na hewa, na maji yameifukuza hewa yakakaa mahali pake. Hakuwa amefundishwa jambo hilo na mimi wala na mtu mwingine. Bibi alitikisa kichwa, akasema basi ni kama mchanga wa kujengea, ukiumwagia maji hushuka kwenye toroli. Nikakaa kimya, maana mazungumzo yalikuwa yanakwenda vizuri bila mimi.

Niseme pia kwamba ulimi wa bibi, pamoja na ustadi wake wote, si kipimo kamili. Uchungu mara nyingi ni dalili ya sumu, lakini kuna muhogo wenye sumu unaoweza kuupita ulimi, ndiyo maana napendekeza unga unyevushwe hata ule unaodhaniwa kuwa mtamu, hasa baada ya mwaka wa ukame. Na ugali huo uambatane na mbaazi, kunde, karanga au dagaa. Mwili hutumia viini vya protini vyenye salfa kuigeuza sianidi iliyoingia kuwa kitu chenye sumu hafifu zaidi kinachotoka kwa mkojo. Mbaazi tunalima wenyewe. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha uagizaji na bei ikaanguka, watu walilalamika kwamba wamebaki na magunia yasiyo na mnunuzi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, lakini nilijiuliza ni watoto wangapi mwaka ule waliendelea kula ugali kwa chumvi huku gunia limekaa ukutani kusubiri bei. (Kwa kuwa nimetaja salfa, na kwa kuwa najua majirani zangu: siyo ile ya gunia inayopulizwa kwenye mikorosho. Hiyo haiingii mdomoni kwa sababu yoyote ile.)

Baada ya siku ile nilitazama upya kazi za nyumbani nilizokuwa nikizitoa. Kwa mfano, nilikuwa nimetoa zoezi la kuchunguza uvukizaji, limeandikwa kwa Kiingereza kama lilivyo kitabuni, likitaka silinda ya kupimia na kipimajoto. Karibu darasa zima lilileta jibu moja, lenye kosa moja la tahajia, lililonakiliwa kutoka kwa mwanafunzi mmoja asubuhi kabla ya kengele. Niliwakasirikia wakati ule. Sasa naona kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwatuma nyumbani na kazi ambayo hakuna nyumba iliyokuwa na mlango wa kuingilia.

Nililiandika upya kwa Kiswahili. Chukua kikombe kimoja cha maji ukimimine kwenye sahani, kingine cha namna hiyo ukitie kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, uviweke pamoja juani. Kabla hujaanza, muulize mtu mzima mmoja wa nyumbani ni kipi kitakauka kwanza na kwa nini, na uandike jibu lake kama alivyolisema, bila kulirekebisha. Majibu yaliyorudi yalikuwa bora kuliko kitabu. Mjomba wa mwanafunzi mmoja, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya chumvi pwani, alieleza kwamba bwawa la chumvi huchimbwa pana na kina kifupi kwa sababu jua hula maji kutoka juu, si kutoka chini, na kwamba siku ya upepo ni bora kuliko siku ya jua lisilo na upepo. Mama mmoja alisema khanga iliyoanikwa ikiwa imekunjwa hukauka kesho. Mwanafunzi aliyeandika habari za khanga alikuwa miongoni mwa wale wasiopandisha mkono darasani, na alisoma jibu la mama yake kwa sauti ya kujivunia ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Lugha ni kikwazo kikubwa, na sitaki kukipunguza. Mtoto anatoka darasa la saba akijifunza kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, na ghafla Baiolojia, Kemia na Fizikia zote zinazungumza Kiingereza. Wazazi wengi huona kwamba kuanzia hapo mtoto amekwenda mahali ambapo wao hawawezi kumfuata. Ninawaomba wafanye kinyume kabisa cha nilichowaambia katika kikao kile, yaani daftari waliache, na badala yake kila jioni, wakati wa kumenya au kusubiri ugali, wamwambie mtoto asimulie jambo moja alilojifunza siku ile, kwa Kiswahili au kwa Kimakonde, mpaka msikilizaji aelewe. Akishindwa kulieleza, amekariri tu, na yeye mwenyewe atajua. Msikilizaji hahitaji kujua jibu. Anahitaji kuuliza "kwa vipi?" na "umejuaje?", na asiridhike upesi. Bibi wa kwetu hawaridhiki upesi. Hilo sina wasiwasi nalo.

Wapo wanaoniambia kwamba hayo ni maneno ya kuwafariji, kwamba mtu asiyesoma hana lake katika sayansi. Huwa nawakumbusha Tendaguru, huko Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, mmoja wa dinosaria hao akiwa yule anayesimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa ile ilifukuliwa, ikasafishwa na kufungwa na watu wa huku, ikabebwa mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na waliofanya naye kazi waliuheshimu ustadi wake wa kuutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja. Kazi ile ni uchunguzi, na mwenye jicho la namna ile angeweza kuwa babu wa yeyote katika kikao changu.

Zaidi ya hapo, watu wa mikoa hii wanajua kufundisha. Katika jando na unyago mtoto hupewa nyimbo, mafumbo na maelekezo ambayo huyakumbuka hadi uzeeni, na hakuna anayesema kwamba somo au kungwi, yaani mlezi anayewafunda, hakwenda chuo cha ualimu. Mimi na wazee tumegombana mara kadhaa kuhusu muda, maana shughuli zikivuka likizo mtoto hurudi darasani tukiwa tumefika mbali, na katika hilo sibadilishi msimamo. Lakini nimeacha kusema kwamba nyumbani hakuna ualimu. Siku hizi nawaomba wazee watumie mbinu zilezile kwa mambo ya afya na vipimo, na wengine wamekubali.

Vipimo vina faida ya papo kwa papo, hasa msimu wa korosho. Kila mtu hapa anaijua kangomba, ununuzi wa kificho ambapo korosho hupimwa kwa bakuli badala ya mizani, na mkulima mwenye shida ya fedha huuza kabla ya mnada. Niliwapa wanafunzi zoezi la kupima korosho za bakuli moja la nyumbani kwa mizani ya duka, mara tano, na kuandika uzito wa kila mara. Tofauti zilizoonekana kati ya bakuli lililojazwa kwa kishungi na lililosawazishwa zilizua mjadala mkali katika nyumba zaidi ya moja, na baba mmoja alinitania barabarani kwamba nimemharibia mtu biashara.

Kuhusu salfa ya gunia, nasema kwa ufupi: isilale chumba kimoja na watu, isikae karibu na moto, na mfuko wake mtupu usitiwe unga. Inapopulizwa alfajiri, watoto wawe ndani au mbali na upepo, kwa sababu huwasha macho na kifua. Vivyo hivyo maganda ya korosho. Mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake si wa kuchezea. Watoto wa kubangua korosho tunawatambua shuleni kwa vidole vyao.

Maji ndiyo somo kubwa zaidi, na kwa bahati ndilo linalopendwa. Karibu na choo cha kila nyumba ya mwanafunzi wangu sasa natarajia kukuta kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lenye tundu, limeningʼinizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa kukanyaga kijiti, na kipande cha sabuni pembeni. Linatumia maji kidogo sana kuliko kumiminiana kwa kikombe, na mtoto wa miaka minne huliendesha. Kwa maji ya kunywa, kuchemsha ni njia ya kuaminika. Huku juu maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, kwa kuwa kila mita 300 hivi unazopanda kutoka baharini hupunguza takriban nyuzi moja, lakini bado ni joto la kutosha kuua vijidudu. Asiyekuwa na kuni za ziada anaweza kutumia jua. Maji meupe hutiwa kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ikalazwa juu ya bati kwa saa sita siku ya jua, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kama ukiisimamisha chupa juu ya gazeti na huwezi kusoma kichwa cha habari ukitazama kupitia maji, basi maji hayo yana tope na jua halitafika ndani, yachujwe kwanza.

Kisha kuna mvua, ambayo kwetu huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Sijapata bado mtu asiyevutiwa na jambo hili anapolisikia mara ya kwanza. Nyumba ya mita sita kwa nane ina bati la mita za mraba 48, hivyo mvua ya milimita 25 huishushia lita 1,200, ambazo ni ndoo 60 za lita ishirini. Kipimo cha mvua hutengenezwa kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, rula, na mahali pa wazi. Mwaka wa kwanza wanafunzi watatu waliweka makopo yao chini ya mikorosho ili yasiibwe, wakaniletea takwimu za ukame katikati ya masika. Sasa nasisitiza mahali pa wazi, na nasisitiza pia kwamba maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi la miezi mingi, kinyesi cha ndege na pengine salfa iliyopeperuka. Tangi lifunikwe, na vyombo vidogo vya uani vimwagwe kila wiki, maana yai la mbu huhitaji siku chache zaidi ya hizo kuwa mbu anayeruka.

Jambo la mwisho ambalo wazazi hunisikiliza nalo kwa shingo upande ni usingizi. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji saa nane hadi kumi kila usiku. Mtoto anayeamka saa kumi alfajiri kwenda foleni ya maji, kisha akashinda shuleni, kisha akakesha na simu ya mjomba, hawezi kusaidiwa na mwalimu yeyote. Nawaomba simu ilale kwa mtu mzima, na kusoma kufanyike mapema, kwa taa ya sola ikiwezekana, kwani fedha za korosho zikiingia taa hiyo hugharimu kidogo kuliko mafuta ya koroboi ya mwaka mzima, na haimtoi mtoto moshi mweusi puani. Hili wanalikubali Novemba, fedha zikiwepo. Februari huwa tumerudi kwenye koroboi.

Novemba iliyopita, siku mbili baada ya mvua ya kwanza ya maana, mjukuu wa yule bibi aliniletea daftari. Aliandika kwa penseli: "Mvua milimita 12. Bati letu mita 48 za mraba. Tulitarajia lita 576, ndoo 28 na zaidi kidogo. Tumepata ndoo 21. Bibi anauliza nyingine zimekwenda wapi." Chini yake palikuwa na mstari mtupu wa kuandikia jibu langu.

Sikuandika kitu. Jumamosi nilikwenda. Bibi alikuwa amekwisha kumtuma mjukuu juu ya ngazi na kikombe cha maji, naye amesimama chini ya ukingo wa bati akitazama gata, mkono mmoja ukiwa umeshika pembe ya khanga yake. Mtoto alimimina. Maji yalitembea kidogo kuelekea kwenye tangi, yakasita pale ambapo fundi aliunganisha vipande viwili, kisha yakarudi nyuma na kudondoka kwenye mchanga, ambako yalizama mara moja.

"Rudia," alisema bibi, akasogea karibu zaidi.